RTK, PPK au alama za ardhini: tupime vipi barafuto?

mpima_mpya: Wakuu, naombeni ushauri. Tunataka kupima barafuto (mto wa barafu unaotambaa polepole) mara mbili, kabla na baada ya msimu wa kuyeyuka, tujue imepungua unene kiasi gani. Droni ya kawaida tunayo. Fedha zinatosha kitu kimoja: droni yenye RTK (inayosahihisha vipimo vya mahali ilipo papo hapo ikiruka), au kipokezi cha GNSS (setilaiti za kuonyesha mahali, kama GPS) cha kupimia alama za ardhini, zile zinazotandazwa chini zionekane kwenye picha. Tuchukue kipi?

kipimio: Mkuu, ya muhimu umeyaacha. Eneo kubwa kiasi gani? Mnataka usahihi wa sentimita ngapi? Juu kuna mawe au theluji tupu? Pembeni kuna mwamba?

jicho_la_angani: Mimi ni PPK tu, yaani kusahihisha mahali baada ya kurusha. RTK inataka mawasiliano na kituo msingi (kipokezi kinachotulia sehemu moja) muda wote. Droni ikipita nyuma ya kilima yanakatika. PPK unaacha kituo msingi juu ya mwamba, hesabu unafanya jioni.

bi_ramani: Msimwambie kwamba PPK inafuta kazi ya alama. Mara yangu ya kwanza tulitandaza alama 12, nane juu ya barafu yenyewe kwa kuwa zilionekana vizuri. Tukazipima, kisha upepo ukatuzuia siku tatu. Tuliporusha droni, barafu ilikuwa imeshatambaa na alama zetu. Programu ya kuunganisha picha kuwa ramani ikalazimisha picha zifuate mahali alama zilipokuwa mwanzo, ramani ikapinda, hadi mwamba wa kando ukaonekana umehama! Kazi ya wiki mbili ikapotea. Tangu hapo alama zangu za kudumu ziko mwambani. Za kwenye barafu nazipima siku ileile ya kurusha.

jicho_la_angani: Pole dada. Lakini hilo ni kosa la ratiba.

bi_ramani: Ndiyo, na mlimani ratiba anaipanga upepo. Bila alama za kukagua, ambazo huziingizi kwenye hesabu, utajuaje kama ramani yako ni ya kweli?

mpima_mpya: Samahani kwa kuchelewa. Ni kama kilomita moja ya mraba. Sehemu ya juu ni theluji mpya, ya chini ni mawe. Mwamba upo upande mmoja. Wa pili ni kokoto zinazoporomoka.

kipimio: Theluji mpya ndiyo itakayowatesa. Ni weupe mtupu, programu haioni cha kulinganisha kati ya picha na picha. Subirini ichakae, punguzeni mwanga kwenye kamera, picha zipishane asilimia 80.

baridi_kali: Na betri jamani! Baridi inazimaliza. Zikae ndani ya koti hadi dakika ya kurusha.

jicho_la_angani: Koti halitoshi, tumia sanduku lenye joto.

baridi_kali: Sanduku nani atalibeba? Mimi koti limenitosha miaka yote.

mpima_mpya: Kwa hiyo kipokezi?

jicho_la_angani: Kimoja? Kikiwa kituo msingi, alama za kwenye barafu utazipima na nini?

bi_ramani: Hapo kasema kweli. Azimeni cha pili. Na hizo kokoto zinaporomoka kiasi gani? Weka picha kabla hujanunua.