Gari inavuma uuuu nikifika 50, fundi keshanimaliza

Bi Zafarani: Asalaam aleikum jamani. Nna Toyota IST yangu nasafiria Chake kwenda Konde skuli kila siku, sasa ina wiki tatu inavuma, chini ya 40 kimya, ikigonga 50 inaanza uuuuu kama mashine ya kusaga unga na nikizidisha spidi na sauti inapanda. Fundi kasema shokapu, nkanunua mbili, bado. Kasema brekipedi, nkanunua, bado ile ile. Juzi kaja na mpya eti nitafute gia bokisi nyengine, hapo ndo nkasema ngoja niulize kwanza. Mwanangu nyuma keshajua kuiiga hiyo uuuu njia nzima.

Tandawili: Waaleikum salaam dada. Usinunue kitu tena! Shokapu haivumi, ikifa gari inadunda na kuyumba kwenye mashimo, na pedi ikisha inalia kiiii, tena ukikanyaga breki sauti inabadilika. Hiyo nahisi beringi ya gurudumu, kile chuma cha duara katikati kinachofanya gurudumu lizunguke laini. Fanya hivi, simama, weka gia kwenye P, ile ya kuegesha, kanyaga mafuta injini ipande, kama kimya basi injini muache. Halafu ukiwa 60 ondoa mguu kwenye mafuta, uvumi ukiendelea vile vile ukishuka pole pole na spidi, gia bokisi nayo naitoa kwanza kwenye kesi. Na nyie Pemba mna bahati ya kona, sikiliza kwenye kona, ukikata kushoto uzito unalalia upande wa kulia, uvumi ukizidi hapo beringi mgonjwa iko kulia.

Mkaanga Njugu: Yakhe msimtie haraka, tairi ikilika vigongo vigongo inavuma vile vile, mie nlishabadilisha beringi bure kwa ajili hiyo. Pitisha kiganja juu ya tairi, halafu za mbele peleka nyuma. Sauti ikihama na tairi basi ndo tairi.

Kibeberu: Samahani nachomekea, yangu haivumi ila nikikata stelingi mpaka mwisho inagonga ka ka ka

Tandawili: @Kibeberu joint ya draivushafti hiyo, ule mkono wa chuma unaozungusha gurudumu, chungulia buti ya mpira nyuma ya gurudumu, ikiwa imepasuka utaona grisi imerukia ndani ya rimu. Fungua uzi wako lakini 😂

Bi Zafarani: Narudi. Tairi nimehamisha, uvumi uko pale pale. Kona za kushoto inanguruma, za kulia inanyamaza kabisa, sijui nlikuwa sisikii vipi siku zote. Jana nimeenda kwa fundi mwengine, kapiga jeki mbele, gurudumu la kulia kalitikisa halichezi, nkaona ah tumekosea, kumbe hajamaliza, kashika springi kwa mkono mmoja huku analizungusha, kaniambia na mie shika. Wallahi springi inatetemeka kama kuna mchanga unasagika ndani! La kushoto nkashika, laini.

Tandawili: Ndo hiyo. Mwambie beringi mpya aingize kwa presi, ile mashine ya kukandamiza, akianza kuipiga nyundo mzuie, beringi mpya itavuma ndani ya mwezi. Na usikae nayo, ikizidi gurudumu linaanza kucheza na rimu inapata moto.

Bi Zafarani: Presi anayo. Beringi nimeagizia Unguja inakuja na meli, mpaka hapo napanda daladala. Zile shokapu mbili za zamani fundi wa kwanza anasema kazitupa, haya.

Mkaanga Njugu: Kazitupa kwenye gari ya mtu mwengine hizo dada 😂