Mwanangu anatembea ametanua miguu: je, mwendo wake utatengemaa?

Mama wa Mikindani
Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Binti yangu ana mwaka 1 na miezi 4, na alianza kwenda tete alipofikisha miezi 13. Jana jioni maji yalipokupwa nilimwacha atembee juu ya mchanga mbichi, kisha nikarudi kuzitazama nyayo zake kando ya zangu. Zangu zilikuwa zimezama zaidi kisiginoni. Zake zilikuwa bapa, wayo mzima umekanyaga kwa pamoja, na wa kushoto uko mbali na wa kulia kuliko upana wa nyonga zake. Akitembea huinua mikono hadi usawa wa mabega. Mama mkwe anasema ni matege, anataka tumfunge miguu kwa kanga usiku. Naomba kuelimishwa kabla sijakubali.

Mtaalamu wa viungo, Lindi
Mama, tafadhali usimfunge. Uliyoyaona mchangani ni mwendo wa kawaida wa mtoto aliyeanza kutembea karibuni. Hatanui miguu kwa sababu mifupa imepinda, bali kwa sababu bado hawezi kusimama kwa mguu mmoja muda wa kutosha ili wa pili upite, kwa hiyo anauteremsha upesi, ukiwa bapa, huku mikono ikimsaidia asiyumbe. Mwaka 1980 Sutherland na wenzake, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wa mwendo wa watoto 186 wenye umri wa mwaka 1 hadi 7. Walionyesha kwamba kadiri mtoto anavyokua, muda wa kusimama kwa mguu mmoja, kasi na urefu wa hatua huongezeka, ilhali idadi ya hatua hupungua: mtoto wa mwaka 1 hupiga karibu hatua 175 kwa dakika, wa miaka 7 karibu 140. Kisigino kutangulia, na mikono kushuka ikapishana na miguu, kwa kawaida huonekana kufikia miaka 2. Akiwa na miaka 3 sehemu kubwa ya mwendo wa mtu mzima imeshakamilika.

Matege nayo ni ya kawaida hadi karibu miaka 2. Usishtuke baadaye, kwenye miaka 3 au 4, magoti yakianza kugusana. Mengi hunyooka yenyewe kufikia miaka 7.

Baba wa Masasi
Naomba kuongeza, dada yangu, kwamba utazame miguu yote miwili kwa kulinganisha. Mwanangu wa kwanza alichechemea tangu hatua zake za mwanzo, nasi tukaambiwa kwenye zahanati moja kwamba atazoea. Alipofikisha miaka 3 ndipo ilipogundulika kuwa nyonga ya kulia haikukaa mahali pake, akafanyiwa upasuaji. Hadi leo jambo hilo linaniuma.

Mtaalamu wa viungo, Lindi
Kaka amesema kweli. Kuchechemea hakusubiriwi. Vilevile apelekwe kuchunguzwa mtoto ambaye amefikisha umri wa miezi 18 bila kutembea, anayeendelea kutembea kwa ncha za vidole baada ya miaka 3, ambaye matege yake yanazidi baada ya miaka 2 au yako upande mmoja, na hasa yule aliyekuwa akitembea kisha akaacha.

Mama wa Mikindani
Ahsanteni sana. Leo nimempeleka tena ufukweni, nikapima kwa shubiri: hatua za kulia na za kushoto zinalingana. Kliniki yake ni Jumatano. Nitakwenda na mama mkwe ili ayasikie mwenyewe.