Mlituahidi njia ya kupanda mlima, kumbe mmetuchimbia korongo

Wanajukwaa, nimevumilia misimu miwili ya mvua nikidhani wahusika wataona aibu wenyewe, lakini baada ya nilichokikuta wiki iliyopita nimeona heri niandike, hata kama baadhi yao wamo humu na watanuna.

Kwa wasiofahamu, mlima huu tunaoishi ubavuni mwake una njia mbili za kufika juu. Ya kwanza ni ya zamani, iliyoanzishwa na mifugo na watu waliokuwa wakienda mashambani, nayo inauzunguka mlima polepole kwa takriban kilometa 9. Ya pili ilifunguliwa na kamati inayosimamia njia hizi, kwa maelezo kwamba wageni hawana subira ya kuzunguka. Hiyo ina kilometa 4 tu na imenyooka kutoka bondeni hadi juu kana kwamba aliyeichora alikuwa ameshika rula. Njia zote mbili zinapanda mita zile zile 900. Sasa hivi ile mpya ina sehemu ambazo mtu huzama hadi magotini, mizizi ya miti imening'inia nje pande zote mbili, na chini kumejaa kokoto zinazoviringika ukizikanyaga. Wiki iliyopita mtembeaji aliyekuwa mbele yangu aliteleza, akaumia kifundo cha mguu, tukambeba kwa zamu hadi bondeni. Nilipofikisha malalamiko kwa kamati, nilijibiwa neno moja: mvua.

Jibu hilo ndilo lililonitoa machozi ya hasira. Mvua iliyonyesha kwenye njia mpya ilinyesha pia kwenye njia ya zamani, mlima ule ule, udongo ule ule, nayo ya zamani haina hata ufa. Tofauti haiko mawinguni. Udongo unaokanyagwa kila siku hushikamana ukawa mgumu, maji yakashindwa kupenya, na maji yasiyopenya hutafuta pa kukimbilia. Njia inayokata ubavu wa mlima, ukingo wake wa nje ukiwa umeinamishwa kidogo tu, kama asilimia 5 hivi, huyaacha maji yavuke na kuendelea na safari yake porini. Njia inayoshuka moja kwa moja huyakaribisha maji, huyakusanya na kuyaongezea kasi hadi yanaanza kubeba udongo. Hiyo mliyoifungua ni mfereji, nasi mmetupanga tutembee ndani yake.

Watu wanaojenga njia za milimani wana kanuni inayojulikana sana, nayo haihitaji shahada: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu inaopita, na kwa wastani njia ibaki karibu na asilimia 10, yaani kupanda mita 10 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Chukueni kalamu. Mita 900 ukizigawa kwa kilometa 9 unapata asilimia 10 kamili. Ng'ombe na bibi zetu, bila kipimo chochote, waliipatia! Mita 900 kwa kilometa 4 ni zaidi ya asilimia 22, na huo ni wastani tu, maana kwenye ule ukuta wa katikati ni mara mbili ya hapo.

Halafu yakaja matengenezo. Kamati ililaza magogo kukatiza njia, wazo ambalo si baya kwa lenyewe, ila yalilazwa yakiwa yamenyooka badala ya mshazari, na hakuna aliyechimba sehemu ya maji kutokea pembeni. Tope likajaa nyuma ya kila gogo, maji yakawa yanaruka juu yake na kuchimba shimo upande wa chini. Watembeaji nao, kwa kuogopa tope, wakaanza kupita kando, majani yakafa, na penye tambarare njia sasa imepanuka kama barabara ya gari. Kifusi kilichomwagwa kuziba mashimo kilisombwa chote hadi kwenye chemchemi iliyo chini. Nani aliulizwa kabla ya hapo? Wanaochota maji pale hawakuulizwa.

Na vile vibao! Pale chini pameandikwa kilometa 4, basi. Mgeni akisoma hivyo anaanza safari alasiri na chupa moja ya maji, akiamini ni matembezi ya saa moja. Tangu mwaka 1892 ipo hesabu ya Mskoti William Naismith: saa moja kwa kila kilometa 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yenu hiyo ni dakika 48 na dakika 90, jumla saa mbili na dakika 18, tena kwa mtu mwenye nguvu asiyepumzika wala kukwama kwenye korongo. Uswisi vibao vyao vya njano vya njia za miguu huandika muda, kwa sababu anayepanda mlima anahitaji kujua kama giza litamkuta njiani. Kuandika saa badala ya kilometa kunahitaji rangi ile ile na brashi ile ile. Huku juu nako, penye ukungu, alama za mawe yaliyorundikwa zimechanganyika na rundo za wapiga picha, na anayezifuata anaweza kuishia ukingoni mwa genge. Mtu akipotea, wanaotoka usiku na tochi kumtafuta ni majirani, wala si kamati.

Msinijibu kwamba nakosoa tu bila kusaidia. Tulijitokeza watu wengi na majembe yetu, tukaomba kuchimba mitaro ya kutolea maji, tukaambiwa tusiguse kitu hadi kikao kikae. Kikao hakijakaa hadi leo, ila nasikia njia ya tatu imeshawekewa vigingi upande wa pili, nayo inashuka wima vile vile.

Ninachodai ni hiki. Vigingi hivyo ving'olewe. Njia ya kilometa 4 ifungwe kwa matawi na magogo juu na chini ili majani yapate kuota tena, wageni waelekezwe njia ya zamani, na vibao viandikwe saa. Mvua zinazofuata haziko mbali, na sisi majembe tunayo. Wanakamati mliomo humu, andikeni hapa hapa kama mnaturuhusu au mnatukataza.