Kutoka banki ya uwekezaji: makro, mali mchanganyiko, au nirudi Lubumbashi?

Mtoto_wa_Katuba (ameanzisha mada)

Ndugu zangu, salamu kutoka Johannesburg. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo, nilisoma uchumi chuo kikuu pale Kasapa kabla ya kuja huku. Huu ni mwaka wangu wa nne katika banki ya uwekezaji, upande wa migodi. Kampuni ikitaka kununua nyingine, sisi tunakadiria thamani, tunaandaa dosie, tunakaa na mawakili mpaka sahihi zitiwe.

Siidharau kazi hii, imenilea. Ila nimejigundua. Katika mahesabu ya mgodi kuna mistari mitatu ambayo wenzangu huijaza haraka na kusonga mbele: bei ya shaba, riba, na thamani ya sarafu. Mimi ndipo ninapokesha. Ukipandisha shaba kutoka dola 9,000 kwa tani hadi 10,000, thamani ya mgodi inabadilika kuliko wiki mbili zote tulizopoteza kwenye gharama za mafuta na umeme.

Sasa nina milango mitatu. Wa kwanza, mfuko wa makro London, yaani unaobashiri mwendo wa riba, sarafu na bei za dunia kwa pesa za wateja, nianze kama mchambuzi. Wa pili, kampuni ya hapa Johannesburg inayosimamia pesa za pensheni, kitengo cha mali mchanganyiko, yaani hisa, hatifungani (hati za mikopo kwa serikali au kampuni), sarafu na bidhaa ndani ya mkoba mmoja. Wa tatu, banki moja Lubumbashi inatafuta mtu wa trezori, kitengo kinachosimamia pesa za banki yenyewe. Mama yangu yuko Katuba na angependa nirudi. Nisaidieni kulinganisha.

Yaya_wa_Kampemba

Mdogo wangu, karibu. Nilitoka banki ya uwekezaji kwenda makro, huu mwaka wa nane, kwa hiyo nakueleza nilichopitia mwenyewe.

Banki hukulipa kwa kufunga dili. Dili ikifungwa, hata mnunuzi akija kujuta baada ya miaka mitatu, wewe ulishalipwa. Kwenye makro unalipwa kwa kuwa sahihi, tena sahihi kwa kiasi kinachofaa na kwa wakati unaofaa, na kila jioni kuna namba inayosema uko wapi. Mwezi wangu wa kwanza nilimpelekea mkubwa wangu uchambuzi wa kurasa 14 kuhusu riba za Afrika Kusini, umepangwa vizuri kama tulivyofundishwa banki. Alisoma ukurasa wa kwanza, akauweka chini, akaniuliza: "Unanunua nini? Kiasi gani? Na ukiwa umekosea, utajuaje?" Sikuwa na jibu hata moja.

Unachokuja nacho kutoka banki ni uvumilivu wa kazi, kusoma vitabu vya hesabu za kampuni, na kutoogopa Excel. Usichokuja nacho ni kukubali kukosea mbele ya watu, tena mara nyingi. Mtu wa makro aliye mzuri anakosea karibu nusu ya mawazo yake. Anaishi kwa sababu akikosea anapoteza kidogo.

Tarehe 31 Julai 2024 Banki Kuu ya Japani ilipandisha riba hadi asilimia 0.25. Ni kidogo, sivyo? Lakini dunia nzima ilikuwa imekopa yen kwa bei ya bure na kununua vitu vyenye faida kubwa zaidi. Kisha zikaja takwimu dhaifu za ajira Marekani, wote wakakimbilia kurudisha yen, nayo ikapanda. Jumatatu, Agosti 5, soko la hisa la Tokyo, Nikkei, lilianguka asilimia 12.4 kwa siku moja. Mimi nilikuwa nimeuza yen, nikitegemea ishuke. Wazo langu halikuwa la kijinga, ila nilikuwa nimelibeba zito mno. Nilifunga kila kitu siku ileile kwa sababu kikomo cha hasara kilinilazimu, kisha nikaangalia soko likirudi wiki iliyofuata bila mimi. Jiulize kwa moyo wote kama unaweza kulala usiku wa namna hiyo.

Mizani

Niko upande wa mali mchanganyiko, kwa hiyo naupendelea, mnisamehe.

Watu wanadhani ni makro ya waoga. Hapana. Yaya anaweza kufunga kila kitu na kukaa na pesa taslimu. Mimi siwezi: pesa za pensheni lazima ziwe mahali fulani kila siku, na napimwa dhidi ya mgawanyo uliokubaliwa na wadhamini. Swali langu ni tuegemee wapi, na kwa kiasi gani.

Mwaka 2022 ndio ulionifundisha. Tangu zamani tuliwaambia wateja kwamba hisa zikianguka, hatifungani zitawashika mkono. Mwaka ule mfumuko wa bei ulipanda, banki kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia 4 kabla mwaka haujaisha, na vyote viwili vikaanguka pamoja: hisa kubwa za Marekani, S&P 500, zilishuka kama asilimia 19, hatifungani zao kama asilimia 13. Nilisimama mbele ya wadhamini, miongoni mwao mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka 30. Hakuuliza habari za riba. Aliuliza, "Hizi pesa ulisema ni za usalama. Mbona nazo?" Ilibidi nimweleze bila maneno makubwa kwamba ngao ile hufanya kazi pale hofu ni ya uchumi kudorora, na mara hii hofu ilikuwa bei. Ukiipenda kazi ya kueleza hivyo, utaishi vizuri huku. Malipo ni madogo kuliko ya makro katika mwaka mzuri, lakini hakuna anayekufukuza kwa miezi miwili mibaya.

Kambisti_wa_Kenya

Nyinyi watu wa Lubumbashi mnaenda kufundishwa makro London? Sisi makambisti, wabadilisha pesa wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tunaamka na kiwango cha dola kabla ya chai! Mtoto huyu ameshaisoma nyumbani.

Yaya_wa_Kampemba

Kaka Kambisti, kwa heshima: mwishoni mwa 2025 dola ilitoka kwenye franka 2,800 na kitu hadi chini ya 2,500 ndani ya muda mfupi. Ni wangapi hapo sokoni walikuwa wamejiandaa?

Kambisti_wa_Kenya

Yaya, umenigusa kidonda. Sikujiandaa. Miaka yote dola ilikuwa inapanda tu, nikaweka akiba yote ya minervali, karo ya watoto, kwa dola, na shule inadai franka. Dola zangu hazikutosha, niliongezea makuta mengine, pesa za mfukoni.

Trezori_Lshi

Hapo ndipo mlango wa tatu unapoingia. Niko trezori, Lubumbashi, nieleze kazi ilivyo.

Nchi yetu haina soko la hisa. Hazina ya serikali inauza hatifungani za muda mfupi tangu 2019, na sehemu kubwa ya amana za wateja ni dola. Kazi ya kila siku ni kuhakikisha pesa ipo, ya sarafu inayotakiwa, siku inayotakiwa. Migodi inauza shaba kwa dola lakini inahitaji franka siku za kulipa kodi, na siku hizo soko unalihisi mkononi. Tuliona banki kuu ikiweka riba asilimia 25 mwezi Agosti 2023, ikishusha hadi 17.5 Oktoba 2025, na tukaona nani anabanwa kwanza. Hilo hakuna skrini ya London itakayokuonyesha. Ila ukweli mwingine pia: hutajifunza kuendesha mkoba. Ukikaa miaka mitano, mifuko ya nje itakuona mtu wa banki tu.

Mtoto_wa_Katuba

Asanteni sana. Kwenye usaili wa London wataniomba wazo moja. Nilikuwa nafikiria kobalti, madini ya betri, kwa kuwa ni ya kwetu.

Yaya_wa_Kampemba

Usilete kobalti kama habari. Kongo ilisimamisha mauzo ya nje Februari 22, 2025, ikaja na mgao wa kiasi Oktoba; hilo wanalijua wote. Wewe mtoto wa hapo unajua kwamba kobalti inachimbwa pamoja na shaba, kwa hiyo mgodi haukusimama, uliendelea na shaba na kuweka kobalti stoo. Anza hapo. Nani alilipa gharama ya kungoja? Na kwa kuwa soko la kobalti ni dogo kwa mfuko mkubwa, utalielezea wazo lako kwa sarafu gani, hisa gani?

Mizani

Naongeza: usiache mshahara kwa wazo moja. Andika mawazo yako miezi mitatu, kila moja na tarehe, bei ya kuingia na ya kutoka. Usifute yaliyokosea. Ukiona unayarudia kwa hamu hata yaliyokuumiza, nenda London. Ukiona unapenda zaidi kuyapanga yakae pamoja, njoo kwetu.

Mtoto_wa_Katuba

Nimenunua daftari leo. Wazo la kwanza: kununua randi dhidi ya dola, robo tu ya kiasi nilichotaka mwanzoni, na bei ya kutoka nimeiandika kwa wino mwekundu. Mama nimempigia, nimemwambia Lubumbashi bado, na nikamwomba awe ananitumia kiwango cha dola cha soko la Kenya kila Jumamosi. Ameshatuma cha leo.