Kuotesha bakteria, PCR (kipimo cha vinasaba) au tone la damu: nianze na kipi?

Tetea_2000: Wakuu, matetea wangu wana wiki 30. Utagaji umeshuka, wanahara njano-kijani, kila asubuhi naokota mizoga mitatu minne. Kideri wamechanjwa. Nashuku homa ya matumbo. Kipimo kipi kinafaa?

Banda Kubwa: Tone la damu. Changanya na antijeni ya rangi (bakteria waliouawa na kutiwa rangi) kwenye kigae cheupe. Chembe zikigandana ndani ya dakika 2, ni chanya. Unamaliza bandani hapohapo.

Kisu Butu: Chanya ya nini? Hicho kinaona kingamwili, si bakteria. Tetea, ulichanja 9R, chanjo ya homa ya matumbo?

Tetea_2000: Ndiyo, mara ya pili wiki ya 14.

Kisu Butu: Basi kitakuchanganya, maana chanjo yenyewe yaweza kukigandisha. Na kuku aliyeambukizwa juzi husoma hasi. Mimi ningepasua mzoga kwanza, mbali na banda. Ini lililovimba, rangi ya shaba yenye ukijani, linaelekea homa ya matumbo. Ini na moyo vikivikwa utando mweupe, fikiria E. koli. Vidoa vyeupe kwenye ini visikupe uhakika, hata kipindupindu cha kuku kinavyo.

Agari: Nafanya kazi maabara. Kwa hali yako, otesha. Utasubiri siku kadhaa, lakini utajua bakteria ni nani na dawa ipi bado inamuua. PCR hujibu haraka, ila inanasa hata vinasaba vya bakteria aliyekwisha kufa, na dawa haikutajii. Naitunza kwa mikoplasma, bakteria ambaye kumwotesha huweza kufika wiki 3. Bakteria wa mafua ya kuku (koriza) naye ana madeko: kwenye agari ya damu, chakula cha kuoteshea, haoti vizuri mpaka umchoree bakteria mwingine, stafilokoka, kando amlishe!

Tetea_2000: Jamani, jana jioni nilishawawekea antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji.

Banda Kubwa: Hapo sote tumewahi kuteleza.

Agari: Iandike kwenye fomu, kwani sahani ya kuoteshea ikitoka tupu haitamaanisha kuku ni wazima. Leta waliokufa sasa hivi, si wa jana, kwenye barafu bila kuwagandisha. Mizoga iwe mizima, usiipasue, nataka na uboho wa paja; huo huchelewa kuchafuliwa na vijidudu vya utumbo. Mayai ya kipindi cha dawa usiuze.

Tetea_2000: Wawili wameanguka muda huu. Natafuta barafu.