Mrejesho: meza ya mahogani ya kusimamisha uso, iliyokuwa ikiyumba

Wakuu, niliuliza kwa nini meza ya Kiingereza ya mahogani, ya miguu mitatu na uso wa duara unaoweza kuinuliwa ukasimama wima, inayumba hata komeo la shaba linaloushika uso ukilazwa likifungwa. Asanteni sana, mlilenga: komeo ni zima. Zilizolegea ni papi 2, yaani vipande virefu vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu chini ya uso. Skrubu 2 kati ya 6 zilikuwa zinazunguka bure.

Chanzo ni mbao kunywea. Mahogani hunywea kwa kukata nyuzi za mbao (upana), si kwa kuzifuata (urefu): uso una sm 76.2 upande mmoja, sm 75.6 mwingine. Papi zimekatiza nyuzi, kwa hiyo zikibanwa kotekote, uso hupasuka au skrubu hung'oka. Matundu ya ncha za papi yamerefushwa mm 3, la katikati limeachwa. Matundu ya skrubu yaliyochakaa upande wa chini wa uso yamezibwa kwa vijiti vya mahogani na gundi inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, yenye joto la 60°C, kisha skrubu zilezile zikarudi. Pimeni kina! Uso una unene wa mm 18 tu, skrubu ndefu itatoboa juu.

Polishi ya zamani haijaguswa. Kuikwangua ni kuiharibu meza.