Datsun 240Z: naweza kuvalisha rimu pana nyuma bila kukata bodi?

Kijana_wa_Sakina:
Wakuu habari za jioni. Nina Datsun 240Z ya 1972, nimeachiwa na marehemu baba mdogo, aliipenda sana hii gari tangu enzi zile 240Z inachukua Safari Rally 1971 na 1973. Imekaa chini ya turubai miaka mingi, injini imeshaamka, breki tayari, sasa nipo kwenye matairi. Imekuja na rimu zake za chuma za inchi 14 upana inchi nne na nusu, ukiitazama kwa nyuma ule mgongo mzuri halafu tairi jembamba limejificha ndani, inaniuma kwa kweli.

Nimepata rimu nne za 15 upana 7 ofuseti 0 (yani uso wa kufungia upo katikati kabisa ya upana wa rimu), na jamaa huyohuyo ana mbili za upana 8, ofuseti 0 pia, anasema niweke nyuma. Nimejaribu ile ya 7 nyuma na tairi 205/60 (upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo), inakaa, ila kwa ndani kati ya tairi na kikombe cha springi (kile sahani kinachokalia springi kwenye shokapu) kidole kinapita kwa kubana. Je ya 8 itaingia? Bodi sitaki kukata.

Fundi_Bodi:
Mkuu kidole chako kimeshakujibu. Ukitoka 7 kwenda 8 kwa ofuseti ileile rimu inaongezeka kama milimita 13 ndani na 13 nje, hapo ndani utakula kikombe. Ya 8 itafute yenye ofuseti kama -13, yani uso wa kufungia umesogea ndani milimita 13, ndani inabaki palepale ilipo ya 7 na upana wote unatoka nje, yani karibu milimita 25. Sasa mgogoro unahamia kwenye mdomo wa fenda. Ule mdomo ni bati mbili zimeshikana, kutu inapenda sana kujificha pale, kagua kwanza ndo uukunje, na upashe rangi moto taratibu usije ukaipasua.

Halafu usipime gari ikiwa imesimama tu. Toa springi, funga tairi, pandisha jeki chini ya mkono wa suspensheni mpaka shokapu ifike mwisho wake juu, zungusha tairi kwa mkono. Panapogusa utapaona.

Dereva_wa_Tanga:
Kaka mimi nakuomba usikubali njia ya mkato ya spesa, zile sahani za kusukuma rimu nje. Nilinunua rimu za Nissan za siku hizi, matundu manne 114.3 yanaingia vizuri kabisa ila ofuseti +40, zikazama ndani zikagusa shokapu. Gereji moja wakanipigia spesa za milimita 20 juu ya stadi (bolti za gurudumu) zilezile fupi, nati zikawa zinashika mizunguko mitatu. Natoka Korogwe narudi nyumbani mkia ukaanza kutikisika, kusimama nakuta stadi mbili zimekatika na nati ya tatu naifungua kwa vidole, na nilikua na wanangu wawili ndani. Stadi ya milimita 12 nati inatakiwa ishike kama mizunguko 9, chini ya hapo usiwashe gari.

Bi_Zedi:
Niongeze hapo. Ukipanua nyuma peke yake gari inakua nzito kukata kona, pua inataka kwenda moja kwa moja, na 240Z raha yake yote ipo kwenye kona. Tena tairi 225/50 ukiiweka kwenye hiyo 8 ya nyuma ni fupi kwa 205/60 kama sentimita mbili kwa kipenyo, mkia unashuka sentimita moja, na matuta yetu unayajua. Mimi yangu ina 7 kote na 205/60, miaka sita sasa, na ukisimama nyuma yake imejaa vizuri tu. Ila kabla ya rimu yoyote shika gurudumu la nyuma ulisukume ndani nje, bushi (zile raba za viungo vya mkono) zikiwa zimekufa vipimo vyako vyote ni vya uongo.

Kijana_wa_Sakina:
Asanteni sana wote, shikamoo Bi Zedi. Leo nimetoa springi nikafanya kama alivyosema Fundi, ya 7 haijagusa popote upande wa kushoto. Kulia imeacha mstari mweusi unaong'aa ubavuni mwa tairi, na nilipolisukuma kweli linacheza, bushi zimekwisha. Kwa hiyo za 8 nimemwambia jamaa auze. Tatizo sasa ile pini ndefu inayoshika mkono wa suspensheni wa kulia imeshikana na kutu, nyundo haioni kitu. Nimeimwagia dizeli nimeiacha ilale, mwenye mbinu ya kuitoa bila kuharibu nyuzi aniambie kabla ya kesho asubuhi.